Umekwenda Haja Ndogo, Mwanangu?

Nilimwambia Mama Chediel mara tatu alegeze miguu, na mara ya tatu nilisema kwa ukali, maana nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Hasira yenyewe haikuwa juu yake, maskini. Ilikuwa juu ya Kiti.

Pale mlangoni pa kliniki yangu, hapa mjini Shengena, wametuwekea kiti cha vipimo. Mwanamke anakaa, anavuta pumzi kidogo, kiti kinamsoma kiuno na nyonga kwa mawimbi ya sauti, halafu kinamtajia ugonjwa wake na kilichousababisha. Mama Chediel, mwenye mtoto mmoja tu, tena bado ananyonya, kilikuwa kimemwambia anavuja mkojo kwa sababu ya uzee na uzazi mwingi.

"Una miaka mingapi?" nilimuuliza.

"Ishirini na tisa, Daktari."

"Uzee gani huo, jamani!"

Kiti hakina roho mbaya. Kinajumlisha tu wanawake wote waliowahi kukikalia, na waliokikalia miaka yote hiyo ni bibi zetu waliozaa kumi kumi. Basi kila anayevuja anapewa jibu la bibi yake. Tundu dogo lililojificha kwenye mkunjo wa nyama hakilioni. Mimi nilikuwa nimechoka kubishana nacho, kwa hiyo nilirudi kwenye kipimo cha kizamani ambacho vijana wa chuo wananicheka nacho. Nilimjaza Mama Chediel kibofu kwa mpira, maji yenye rangi ya bluu. Nikampangia vipande vitatu vya pamba ukeni, kimoja juu ya kingine, nikamwambia ainuke, atembee chumbani, akohoe.

Kipimo hiki mtoto wa shule anaweza kukielewa. Pamba ya chini ikiwa ya bluu, mkojo unapita njia yake ya kawaida, na shida ni misuli iliyolegea. Pamba ya juu ikilowa bila rangi, tundu liko kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Ya katikati ikiwa ya bluu, kibofu kimetoboka.

Ya katikati ilikuwa bluu tupu.

"Ni tundu, mama," nikamwambia. "Kichwa cha mtoto kilikaa sana mahali pamoja, kikabana kibofu kwenye mfupa, nyama ikakosa damu ikafa. Wewe huna uzee wowote."

Alilia. Si kilio cha kelele, machozi tu yanashuka mpaka masikioni. Akanieleza kwamba analalia kiroba cha pumba ambacho anakimwaga kila asubuhi kabla majirani hawajaamka, na kwamba mume wake siku hizi analala kwa kaka yake. Nilimpa kitambaa nikamwacha alie. Nilikuwa na wanawake kama yeye wanakuja kila wiki, wote wadogo, wote wamezalia kwenye Mkunga, na nilikuwa nimekesha miezi nikijiuliza ni nini kinawatoboa. Mkunga ni mashine safi. Tangu ije hapa mlimani, mama aliyekufa kwa uzazi ni habari ya kusimuliwa. Sasa iweje mashine iliyookoa roho zote hizo isijue jambo dogo kama kumkojolesha mzazi?

"Mkunga alikuuliza kama umekojoa?"

"Aliniuliza, Daktari. Kila mara aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikajibu nimekwenda."

"Ulikuwa umekwenda?"

Nikarudia swali, nikaongeza na jina la Mungu ndani yake. Akafunika uso kwa kile kitambaa.

"Daktari, ilikuwa sauti ya mama mkwe," akasema. "Wewe ungeweza?"

Haki ya Mungu! Nikakaa kitandani pale pale miguuni pake.

Mkunga alipoletwa mara ya kwanza, wanawake walimkataa. Chumba cheupe kinachofungwa pande zote, mikono laini inayotoka ukutani, na sauti ya kigeni inayosema sukuma. Nani angekubali? Huku kwetu anayekaa na mzazi ni mama wa mume. Ndiye anayepika uji, ndiye anayempokea mtoto. Wahandisi wakaona wamepata dawa: wakampa Mkunga sauti ya mama mkwe. Mimba ikikaribia kuiva, mama mkwe anaitwa, anasoma maneno fulani kwenye kipaza sauti, na mashine inajifunza kusema kama yeye. Wanawake wakakubali, mji ukapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma maneno hayo mwezi uliopita kwa ajili ya mke wa mwanangu, huku natafuna karanga.

Na hakuna aliyejiuliza kama kuna mwanamke wa huku anayeweza kumwambia mama mkwe wake, kwa kinywa chake, kwamba amebanwa na mkojo.

Nilitoka mbio mpaka sebule ya kusubiria. Palikuwa pamejaa, wanawake wamekaa juu ya mikeka yao ya plastiki, kila mmoja anajifanya hasikii harufu.

"Ninyi! Aliyezalishwa kwa sauti ya mama mkwe, ainue mkono!"

Walinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha mkono mmoja ukainuka, halafu mwingine, halafu yote. Yote isipokuwa ya mwanamke mmoja mnene aliyekaa dirishani.

"Wewe ulipewa sauti ya nani?"

"Ya bibi yangu mzaa mama. Mkwe wangu alishafariki."

"Bibi alipokuuliza kama umekojoa ulimjibu nini?"

Akacheka, mkono mdomoni. "Nilimwambia bado, labda anishikie yeye. Yule si ni bibi yangu, tunataniana!"

"Na unavuja lini?"

"Nikicheka tu, Daktari. Na nikipiga chafya. Hata sasa hivi umenichekesha, umeniponza."

Huyo hakuwa na tundu; misuli yake ilikuwa imelegea, ugonjwa mwingine kabisa, wenye mazoezi yake. Wenzake wote walikuwa wanavuja usiku na mchana, wamelala au wamesimama. Nilisimama pale katikati yao, nikawa sijui nicheke au nilie. Nilikuwa nimepata sababu. Miezi yote ile nimepekua damu, dawa, mikono ya mashine, kumbe sababu ni sisi. Ni heshima yetu, na sauti zetu.

Simu ikaita. Alikuwa mwanangu Elisaria.

"Mama, nilitaka kukutoa wasiwasi tu," akasema. "Naelijwa ameingia kwa Mkunga tangu alfajiri. Hakutaka nikusumbue kazini. Anaendelea vizuri, nasikia sauti yako inamliwaza sana."

*

Sijui nilivuaje koti. Najua nilipanda ngazi za mtaa wa juu kwa miguu, maana lifti ya nje ilikuwa na foleni, na mimi si mtu wa kukimbia. Nina umri wangu na nina mwili wangu. Kwenye ngazi za katikati nilijikojolea. Ndiyo. Mimi, daktari wa mkojo. Miaka kadhaa sasa ninavaa pedi chini ya gauni na sijamwambia hata mwanangu, na siku hiyo pedi haikutosha. Maji ya moto yalishuka mpaka kwenye viatu. Nikasema potelea mbali, nikaendelea kupanda.

Nikiwa napanda nilimfikiria yule binti. Naelijwa! Kati ya wakwe wote wa dunia hii, mimi nimepewa Naelijwa. Miaka miwili kaolewa na mwanangu, sijawahi kumwona akitafuna. Nikiingia jikoni anasimama. Nikimwambia keti, anaketi ukingoni mwa kiti. Akitaka kwenda chooni nyumbani kwangu, anaaga kwamba anakwenda kuanua nguo. Heshima yake ilikuwa inanikera, na niliwahi kumwambia Elisaria mkeo ataniua kwa adabu. Leo nilitamani awe mkorofi. Nilitamani awe na mdomo mchafu kama wa kwangu.

Kwenye Nyumba ya Uzazi nilimkuta Namsemba, msimamizi wa zamu, mwanamke mtaratibu ambaye nimefanya naye kazi siku nyingi. Amekaa mbele ya kioo cha taarifa, anakunywa chai.

"Daktari! Umelowa..."

"Fungua mlango."

"Siwezi. Unajua siwezi. Hajamwita mtu."

Najua. Nani asiyejua? Kabla sijazaliwa, mashine za hospitali zilikuwa zikimsoma mwanamke bila kumuuliza. Zikaona mimba kabla mwenyewe hajamwambia mumewe, zikampelekea mwajiri habari. Mama zetu wakagoma, wakazalia barabarani mchana kweupe, mpaka sheria ikapatikana: mashine itauliza kwanza, na ikishajibiwa itaamini. Neno la mwanamke juu ya mwili wake ndilo la mwisho. Tunaiita hivyo hivyo, Neno. Mama yangu mzazi alivunjwa mkono kwa ajili yake. Leo kila mlango, kila duka la dawa, kila shule hapa Shengena inamsikia mwanamke kwa Neno lake. Ndani ya Mkunga kuna kipima kibofu, kizuri tu, lakini kimelala. Kitaamka mwenye kibofu akikiamsha.

Nikatazama kioo. Kilionyesha yale tu ambayo Naelijwa aliyaruhusu: moyo wa mtoto, na umbo la tumbo kwa nje. Moyo ulikuwa unadunda vizuri, na ndiyo maana Mkunga ametulia. Mtoto yuko salama, haraka ya nini? Lakini lile tumbo! Kilima kikubwa juu, halafu bonde, halafu chini yake kilima kidogo, kimejaa, kimekaza. Huhitaji kipimo. Kile kilima kidogo ni kibofu kilichojaa mpaka pomoni, kimemzuia mtoto kushuka, na kichwa cha mtoto kinakibana kwenye mfupa.

"Kichwa kimesimama hapo kwa muda gani?"

"Tangu asubuhi," akasema Namsemba, chai ameiweka chini sasa.

Kutoka ndani ikasikika sauti yangu, tamu, yenye subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo.

"Mwanangu, umekwenda haja ndogo?"

Na Naelijwa, kwa pumzi fupi fupi: "Nimekwenda, mama."

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mwongo huyo! Namsemba, badilisha sauti. Mwekee bibi yake, mwekee dada yake, mwekee yeyote!"

"Sauti haibadilishwi uchungu ukishaanza. Na waya haupitishi sauti isiyosajiliwa. Ni yako tu inayoweza kuingia humo, Daktari."

"Basi nipe hicho kipaza sauti."

*

"Naelijwa, mwanangu, ni mimi. Mimi mwenyewe, niko hapa nje. Bonyeza ruhusa upimwe kibofu. Au niite nikutoe mkojo kwa mpira. Sema tu bado sijakojoa. Maneno mawili tu."

Nikanyamaza. Baada ya kitambo jibu likaja.

"Nimekwenda, mama. Asante."

Asante! Nilitaka kuvunja ukuta.

"Si mashine inayokuuliza. Ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Hunisadiki?"

"Nakusadiki, mama." Akaguna kwa uchungu, akaumeza ule mguno kama anavyomeza kila kitu mbele yangu. "Umekuwa nami tangu alfajiri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwake yeye nilikuwa ni mmoja. Sauti ya upole iliyomwuliza mara zote na sauti hii inayofoka ni ya mama mkwe yule yule, na pengine alidhani namjaribu. Mkwe anapima adabu ya binti wa watu kwenye uchungu. Hayo huku kwetu yapo.

Pembeni ya mlango pana bamba la shaba, kubwa kiasi cha kiganja. Namsemba aliniona nikilitazama.

"Usifanye hivyo," akasema.

Lile bamba ni la daktari. Akiweka kiganja, anatangaza kwamba mzazi hana akili timamu, na Neno lake linafutwa. Hapo mashine zote zinaamka, zinapima, zinatenda, na mlango unafunguka. Liliwekwa kwa ajili ya wanawake waliozimia. Lakini Neno likifutwa halifutwi chumbani tu. Linafutwa mji mzima, na linahamia kwa mkubwa wa familia. Hakuna mlango utakaomsikia tena, wala duka la dawa, wala shule ya mtoto wake. Na kurudishiwa, mwombaji anatakiwa aombe mwenyewe, kwa Neno lake. Hebu niambie nani aliitunga hiyo! Wapo wanawake wawili Shengena waliowekewa kiganja na madaktari wenye nia njema, na mpaka leo wanatembea na kaka zao kama watoto.

Nikamtazama yule binti kwenye kioo, ule mstari wa tumbo lake. Nikamwona analalia kiroba cha pumba. Nikamwona mwanangu anahama chumba; ndiyo, mwanangu, maana hata waume wema wanahama. Halafu nikamwona amesimama mbele ya mlango wa duka, anasema, na mlango umekaa kimya. Niambieni wapi pana nafuu hapo. Mimi sikupaona.

"Wewe ungechagua nini?" nikamuuliza Namsemba.

"Mimi nisingechagua. Ningemwuliza yeye."

"Ninamwuliza! Humsikii anavyonijibu?"

Nikashika tena kipaza sauti, na nikaamua kufanya jambo ambalo mama mkwe hafanyi.

"Naelijwa, sikiliza. Nitakwambia kitu cha aibu, na ukishakisikia hutakuwa na sababu ya kunionea haya tena. Nimejikojolea. Sasa hivi, kwenye ngazi, nikikimbia kuja kwako. Viatu vyangu vinalia maji. Na si leo tu. Nikicheka navuja, nikiinua ndoo navuja, siku ya harusi yenu nilipocheza ngoma ya wazee nilivuja mpaka nikaenda kukaa kwenye gari na wewe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika! Nilikuwa nimelowa! Unanisikia? Mama mkwe wako ni mkojozi. Mashine haiwezi kukwambia hayo, ndiyo ujue ni mimi. Nimetoka kliniki sasa hivi, nimemwona binti wa umri wako ametoboka kibofu kwa sababu alimwambia mkwe wake nimekwenda na hakuwa amekwenda. Wote wametoboka kwa neno hilo hilo. Mwanangu, hiyo si adabu, ni kujiua. Nitukane. Niambie mama we, nimebanwa, toka hapo mlangoni, lakini usiniambie umekwenda. Nakuomba. Nimepiga magoti, Namsemba ananiona, nimepiga magoti na gauni langu lililolowa, nakuomba Naelijwa, sema, sema jamani, mbona husemi, binti wewe una roho ya namna gani, mbona umeninyamazia, nakuita, sema..."

Hakusema. Nikasema zaidi. Nikamtajia jina la mama yake, nikamtajia mtoto, nikalia, nikafoka, nikaomba msamaha kwa kufoka. Kimya. Kwenye kioo kile kilima kidogo kilikuwa kimezidi kukaza, na kichwa cha mtoto hakijasogea hata unywele. Mimi ninajua nyama inavyokufa. Nimeishona miaka mingi, na ninajua kuna mstari ukishavukwa hakuna sindano ya kuurudisha. Nilikuwa bado nasema nilipoinuka. Nilikuwa bado nasema jina lake nilipoweka kiganja.

Bamba lilikuwa la baridi. Sauti yangu, ile tamu, ikatangaza jengo zima: "Neno la Naelijwa limefutwa. Neno limepokelewa na mama mkwe."

Nikanyamaza.

Na katika ule ukimya, sauti ya Naelijwa ikatoka kwenye kipaza sauti, maneno yamefuatana, moja juu ya jingine.

"Bado, mama. Sijakojoa tangu jana. Nilijaribu nikashindwa, na nikaona haya kukwambia. Ingia mama, inauma. Mama, nimesema ingia. Mbona huingii? Mama, unanisikia? Nimekuruhusu."

Nilimgeukia Namsemba.

"Mkunga hamruhusu mdogo amkatize mkubwa," akasema, machozi yamemjaa. "Walimfundisha adabu hiyo ili wakwe wasigombane naye. Mkubwa akiwa anasema, maneno ya mdogo yanasubiri mpaka anyamaze. Nilikuwa sijui kama na wewe hapa nje unahesabiwa, Daktari. Wallahi nilikuwa sijui. Nilidhani ni kwa sauti ya mashine tu."

Alikuwa ameshanijibu. Pengine niliposema viatu vinalia maji, pengine nilipopiga magoti. Alinijibu, na mimi nilikuwa nasema.

*

Mlango ulifunguka kwa Neno langu. Mikono ya Mkunga ilikuwa imeshamwekea mpira kabla sijafika kitandani, na mkojo ukatoka mwingi, mweusi kama chai, hauishi. Kilima kikashuka. Kichwa cha mtoto kikashuka nyuma yake, kwa urahisi wa kutisha, na kabla sijamaliza kunawa mtoto alikuwa analia. Msichana. Mkojo wa mwisho kwenye mpira ulikuwa umetakata, hauna damu. Nikauchungulia kwenye mwanga, nikauchungulia tena. Nyama ilikuwa hai. Tulikuwa tumewahi.

"Nilisema, mama," akasema Naelijwa. Nywele zimemgandia usoni, ananitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Nilikwambia."

"Ulisema, mwanangu."

"Nipeni mtoto."

Mikono ya Mkunga ilibaki na mtoto hewani. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Mashine ikanigeukia mimi, ikaniuliza kwa sauti yangu mwenyewe: "Mama mkwe, mzazi apewe mtoto?"

Sijawahi kusikia neno zito kama lile la "apewe" nililolitoa.

Walimhamishia chumba cha mapumziko alasiri. Elisaria alikuja na uji, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akatoka kwenda kumpigia simu wakili, kana kwamba wakili ana mlango wa kupita. Nilimtoa Naelijwa mpira mwenyewe. Nikabadilisha shuka, nikakaa, nikasubiri. Shuka ilikaa kavu. Saa zikapita, ikakaa kavu. Yule ni mwanamke mzima kabisa, kibofu chake kinashika kama ngozi ya ngoma, na kama ningekuwa daktari wake tu ningerudi nyumbani naimba.

Jioni aliinuka polepole, ameshika ukuta. Akaenda mpaka kwenye mlango wa choo.

"Fungua," akauambia.

Mlango ukakaa kimya. Akasogea karibu, akausemea tena, akataja jina lake lote na la baba yake. Akaweka paji la uso kwenye mbao, akabana magoti. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na mtoto mapajani, mdomo wazi, na nikajizuia kusema kwa sababu nilikuwa nimeapa kutosema kabla yake tena. Akasimama hivyo mpaka mabega yakaanza kutetemeka. Kisha akageuka, lakini hakuinua macho.

"Mama," akasema, "nimebanwa na mkojo."

Nikauambia mlango amebanwa na mkojo. Ukafunguka.